Tafsirini, lakini mtuachie na sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na vijana wanaotafsiri sinema kwa Kiswahili, hasa wale ambao kazi zao zinaonyeshwa kwenye mabanda ya video ya huku kwetu Temeke. Mimi ni fundi redio. Nina miaka 63, na tangu mwaka 1982 sijafanya kazi nyingine zaidi ya kufungua redio, amplifaya na televisheni za watu, kwanza Gerezani, kule kwenye mafundi na spea za mitumba, na sasa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mambo ya sinema nawaachia wenyewe. Sauti ndiyo kazi yangu, na ninachotaka kusema kinahusu sauti.

Jumamosi iliyopita, natoka kuswali isha, nilipita nje ya banda moja Tandika. Pazia limeshushwa, watoto wamejaa mpaka mlangoni, mtafsiri anaunguruma kwenye spika. Nilisimama pale kama dakika mbili nikisikiliza, sikujua ni sinema gani. Pazia lilipopeperuka ndipo nikaona picha: ilikuwa Star Wars, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1977. Mhariri, sinema hiyo nimeiangalia mara nne tangu mwezi wa Ramadhani. Mngurumo wake nautambua hata nikiwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Na bado nilisimama mlangoni nisiijue, kwa sababu aliyeitafsiri alikuwa ameifuta sauti yote akabaki yeye peke yake.

Nieleze kwanza nilivyokutana nayo.

Mteja mmoja wa Upanga aliniletea amplifaya ya spika tano na sabufa, pamoja na deki yake. Upande wa kulia ulikuwa kimya na wa kushoto unakwaruza. Nilipofungua nikakuta kapasita mbili zimevimba na lehemu imepasuka kwenye miguu ya relei. Kazi ya nusu siku. Tatizo lilikuwa kupima. Mimi amplifaya zote huzipima kwa nyimbo za zamani za bendi ya Sikinde, maana besi yao naijua na saksafoni zao nazijua. Kitu kikipungua nasikia kabla sijashika mita. Lakini nyimbo zile zilirekodiwa kwa ajili ya spika mbili. Spika za nyuma hazina cha kusema. Ndani ya deki mteja alikuwa amesahau diski. Nikabonyeza tu ianze.

Muziki mkubwa ukapiga, maandishi ya njano yakapanda juu yakapotelea mbali, halafu kikapita chombo kidogo kinakimbia. Nyuma yake kikaja kingine kikubwa kinachokifukuza, na hicho hakiishi kupita. Kinapita na kupita, tumbo lake limefunika skrini nzima. Sauti yake ilianzia kwenye spika za nyuma, ikatuvuka vichwani, ikaenda mbele. Fundi wa simu wa meza ya jirani aliacha pasi yake ya kulehemu akatazama dari. Mteja wa redio ya gari naye akatazama dari. Na mimi nilitazama, ingawa spika nilikuwa nimezipanga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimpigia simu mwenye mali nikamwambia amplifaya imepona, na nikamwomba ruhusa ya kuimaliza diski. Akacheka akasema ziko tatu, nyingine angeniletea. Akazileta kweli.

Mwaka 1977 mimi nilikuwa darasa la saba. Ndio mwaka CCM ilipozaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tayari, sisi tulingoja mpaka 1994. Sinema tuliziona Empire, Avalon, Cameo, na siku zote zilikuwa za Kihindi au za kung fu. Kwa hiyo nimefika uzeeni bila kuijua hadithi ambayo watu wa umri wangu huko Marekani waliijua wakiwa watoto, na nashukuru, kwa sababu nimeipata nikiwa na masikio ya kazi.

Watu husema ni sinema za vyombo vya angani. Mimi nilichoona ni mali kuukuu. Kila kitu mle kimechubuka. Chombo cha yule rubani mjanja, Han Solo, hakiwaki mpaka akigonge ngumi. Kuna watu wafupi wenye majoho, wanazunguka jangwani kuokota mashine mbovu na kwenda kuziuza kwa wakulima: hiyo ni Gerezani kabisa. Mkulima anachagua roboti jekundu, analipa, roboti linatembea hatua chache na kichwa kinalipuka moshi. Nimeliona jambo hilo mara nyingi sana maishani, spea inakufa mnunuzi hajavuka barabara. Na huyo mkulima anaishi kwenye nyumba iliyochimbwa chini ya ardhi, duara kama kisima kikubwa. Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alitafuta kwenye simu akaniambia nyumba ile si ya kutengeneza. Iko Matmata, kusini mwa Tunisia, Waberiberi ndio waliozichimba na kuishi humo, na hata jina la sayari ya kwenye hadithi, Tatooine, linafanana na jina la mji wa huko, Tataouine. Hivyo jangwa lile tunalolitazama kama nchi ya nje ya dunia ni Afrika.

Lakini nirudi kwenye sauti. Mle ndani wanapigana kwa panga za mwanga. Upanga ukiwashwa unavuma, na ukizungushwa mvumo unapanda na kushuka. Mara ya kwanza nilipousikia nilisimamisha diski. Mvumo ule naujua. Fundi yeyote aliyeshika televisheni za chogo anaujua. Ukiwa na waya wa maiki ambao shati lake la nje limekatika, ukaupitisha karibu na mgongo wa televisheni ya chogo iliyowashwa, spika inatoa mvumo huo huo, na ukiusogeza waya, mvumo unapanda na kushuka. Nimeishi nao miaka karibu ishirini, na siku zote niliuita ubovu. Nikamwambia mjukuu, "Hebu tafuta, hapa pana chogo." Akatafuta. Aliyetengeneza sauti za sinema hizo anaitwa Ben Burtt. Upanga ule aliupata kwa kuchanganya mvumo wa mota ya projekta ya zamani na kelele za televisheni zilizoingia kwenye maiki yenye waya mbovu, kisha akaipunga maiki nyingine mbele ya spika ili mvumo uzunguke.

Nilikaa kimya muda mrefu siku ile. Mtu alichukua kelele ambayo sisi mafundi tunalipwa kuiondoa, akaifanya upanga.

Na ziko nyingi za namna hiyo. Mlio wa bunduki zao aliupata kwa kugonga nyundo kwenye waya wa chuma unaoshikilia mnara wa redio. Vyombo vidogo vya adui vinavyopita vinalia mlio wa tembo, umechanganywa na gari linalopita kwenye lami yenye maji. Lile jitu lenye manyoya, Chewbacca, sehemu kubwa ya sauti yake ni dubu. Na yule mtu wa kutisha mwenye vazi jeusi na barakoa, Darth Vader, pumzi zake ni za kifaa cha wapiga mbizi. Mwanamume aliyevaa lile vazi ni mmoja, David Prowse, Mwingereza. Sauti ni ya mwingine, James Earl Jones, Mmarekani mweusi, ndiye huyo huyo aliyekuwa sauti ya Mufasa. Jones alipokuwa mtoto alikuwa na kigugumizi kikubwa mpaka kwa miaka mingi hakuwa anazungumza na watu. Katika sinema mbili za mwanzo aliomba jina lake lisiandikwe. Sauti nzito kuliko zote katika sinema za dunia, na mwenyewe akasema msiniandike. Alifariki mwaka 2024.

Sasa niwaeleze kuhusu mama yangu, kwa sababu yeye ndiye sababu ya barua hii.

Mama ana miaka 84. Presha ya macho ilimwondolea nuru, jicho la kwanza mwaka 2009, la pili miaka mitatu baadaye. Anakaa nami Tandika. Jioni ya kwanza nilipobeba amplifaya ile nyumbani aliuliza, "Hicho nini kimepita juu ya nyumba?" Nikamwambia ni sinema, mama. Akasema, "Nikalishe karibu."

Basi tukawa tunamtafsiria. Mimi Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na cha michoro ya saketi, mjukuu ana cha shuleni, tukasaidiana. Mwanzo nilifanya kama nilivyozoea kusikia kwenye mabanda. Nikaeleza kila kitu: huyu anaingia, huyu anatoka, sasa anachomoa upanga, sasa wanakimbia. Haikupita robo saa mama akaweka mkono juu ya goti langu.

"Baba, nyamaza kidogo nisikie."

Nikanyamaza. Alisikiliza, kichwa ameinamisha kama mtu anayengoja mlango ubishwe. Ikasikika ile pumzi, inavutwa, inatoka. Kwenye skrini hapakuwa na mtu bado. Mama akasema, "Anakuja yule mgonjwa." Nikamuuliza mgonjwa gani. "Huyo anayehema. Mtu mzima mwenye afya hahemi hivyo." Sinema ya kwanza yote hakuna anayesema kwamba Vader ni mgonjwa. Mimi mwenye macho nilikuwa nimeona kofia, joho na ukatili. Mama alikuwa ameshamjua.

Kutoka hapo tukapata utaratibu. Wakizungumza, mjukuu anasema maana kwa kifupi. Wakinyamaza, na sisi tunanyamaza. Vita ikianza, hakuna anayesema neno mpaka imalizike, na mama mwenyewe ndiye anatueleza nani anafukuza nani.

Sinema ya pili, ya mwaka 1980, ndiyo nzito kuliko zote, na nadhani ndiyo bora. Ina theluji, na kile kizee cha kijani kinachofundisha, na mapenzi. Sitaeleza yote. Nitaeleza mahali pamoja tu. Kijana Luke, shujaa wa hadithi, amekatwa mkono, ananing'inia juu ya shimo lisilo na mwisho, upepo unavuma, na Vader anamwambia kwamba yeye ndiye baba yake. Mimi sikuwa najua. Mjukuu wangu alikuwa anajua, na baadaye aliniambia kwamba dunia nzima inajua, hata ambao hawajaiona. Alikaa na siri hiyo jioni mbili ili babu yake na bibi yake waisikie wenyewe. Kwa hilo nimemheshimu mtoto yule. Ilipofika alitafsiri maneno manne tu, akanyamaza. Upepo ukaendelea kuvuma. Mama akasema, "Lahaula." Halafu akasema, "Ndiyo maana alikuwa anahema vile." Sijui kama hiyo ndiyo sababu. Ila nilimwelewa.

Sinema ya tatu ni ya mwaka 1983. Kuna vita kubwa ya mwisho, na rubani Lando anaendesha kile chombo kuukuu. Pembeni yake amekaa msaidizi, kiumbe mwenye mashavu ya kuning'inia na macho makubwa meusi. Anaongea lugha yake, Lando anacheka na kumjibu. Mimi niliona ni maneno ya kubuni kama ya viumbe wengine. Mjukuu hakutafsiri kwa sababu maandishi ya chini hayakutafsiri.

Mama akashika mkono wa kiti.

"Huyo Mkikuyu."

Tukadhani amechoka. Ilikuwa karibu saa tano usiku. Akasema tena, kwa ukali kidogo, "Nawaambieni huyo ni Mkikuyu. Rudisheni." Nikarudisha. Akasikiliza. "Ukai haha. Anawaita. Njooni hapa, anasema. Nyote njooni hapa."

Mhariri, mama alikulia Pumwani, Nairobi. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama alikaa kule mpaka alipoletwa Dar kuolewa. Rafiki yake wa utotoni alikuwa msichana wa Kikikuyu wa nyumba ya jirani, na lugha aliipata kwake wakicheka na kuchota maji. Aprili mwaka 1954 Waingereza walipoizingira Nairobi na kuwazoa Wakikuyu, nyumba ile ilihamishwa siku moja. Mama alikuwa na miaka 13. Hakumwona tena. Nimekaa na mama yangu maisha yangu yote, hadithi hiyo sikuwahi kuisikia mpaka usiku ule, na iliyoitoa ni sauti ya rubani wa kwenye sinema.

Mjukuu akatafuta. Ni kweli. Rubani yule anaitwa Nien Nunb, na aliyempa sauti ni Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani. Alisema Kikikuyu, na Kikalenjin pia. Hakubuni. Aliongea lugha za kwetu, na zikaenda dunia nzima, na wengi duniani wakadhani ni lugha ya sayari nyingine.

Sasa ndugu zangu watafsiri. Siwadharau. Mimi ni mtu wa Dar, nimekuwepo wakati Lufufu, yule mtafsiri wa sinema, anapasua anga, na najua kuna watu wazima ambao sinema wamezijua kwa sauti yake tu. Mama yangu hasomi maandishi ya chini, na wapo wengi wanaoona vizuri lakini maandishi yale yanawapita mbio. Kwa hiyo sitawaambia muache kazi, wala sitasema sinema zionyeshwe kwa Kiingereza kitupu. Kiswahili kinatakiwa mle, tena kizuri.

Ninachoomba ni cha fundi. Msifute sauti ya sinema. Ishusheni mnapozungumza, ipandisheni mnaponyamaza. Kwenye meza zenu za kuchanganyia kuna kitufe cha kufanya hivyo, na kwenye programu za kompyuta mnazotumia ni kazi ya dakika chache kwa kila tukio. Mtu asipojua, aje Narung'ombe, aulize fundi mzee wa redio ataletwa kwangu. Nitamwonyesha bure, na aje na kazi yake tuichanganye pamoja. Pale chombo kikubwa kinapopita mwanzo, msiseme kitu. Upanga unapowashwa, msiseme kitu. Vader anapoanza kuhema, mwacheni aheme. Na mwisho kabisa, anapovuliwa barakoa na ile pumzi inakatika, sauti inakuwa ya mzee wa kawaida aliyechoka, pale naomba sana. Mama alilia pale, na hakuna aliyekuwa anamweleza chochote.

Na mkifika kwa yule rubani mwenye mashavu, tafadhali, msimtungie maneno. Banda lile lile, siku lilipoonyesha sinema ya tatu, mtafsiri alimfanya anamtukana Lando kwa lafudhi ya kuigiza, watoto wakacheka. Baadaye niliwauliza watatu wao kama wanajua yule alikuwa anasema lugha gani. Mmoja akasema Kichina. Nilipowaambia hawakuamini, wakanifuata mpaka nyumbani, na mama akawathibitishia mwenyewe akiwa amekaa barazani.

Mteja wa Upanga alishachukua amplifaya yake. Nilipomsimulia habari za mama, diski ya tatu aliniachia. Nimeunga spika mbili za zamani na sabufa niliyoitengeneza kwa boksi la mbao, zinatosha kwa chumba chetu. Baadhi ya jioni, baada ya chakula, mama hunituma niiweke, si kuanzia mwanzo. Anataka pale tu. Namrudishia mara tatu, nne, naye anajibu kwa Kikikuyu.

Fundi Redio,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam